Magadha na dola ya Wamaurya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Miaka mingi iliyomo humu ni ya kabla ya Kristo (KK), na karibu yote ni ya kukadiria. Ongeza au punguza michache. Tumejibu kwa kutegemea zaidi yale yaliyochongwa kwenye mawe, halafu yale ya wageni waliofika huko, na mwisho hekaya za watawa. Pale hekaya inapopingana na jiwe, tumeliamini jiwe, ingawa mbele utaona kwamba hata jiwe lina mwenyewe.

Magadha ilikuwa wapi?

Kusini mwa mto Ganges, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Bihar, kaskazini-mashariki mwa Uhindi. Karne ya 6 KK bonde la Ganges lilikuwa na nchi nyingi zilizokuwa zikigombana, na vitabu vya Wabudha vinazitaja 16 kubwa. Magadha ilikuwa mojawapo, na wala haikuwa ya kwanza kwa sifa. Mji wake mkuu wa awali, Rajagriha, ulifichwa katikati ya vilima vitano kama kitu kilichofumbatwa kiganjani. Wamaurya ni ukoo ulioitawala Magadha baadaye, kuanzia mwaka 321 KK hivi, na ndio walioikuza kutoka ufalme wa bondeni hadi kuwa dola.

Mbona ikawa Magadha, na si moja ya zile 15 nyingine?

Watu hupenda kujibu kwa kutaja majina ya wafalme hodari. Sisi tungeanza na udongo. Ardhi ya kandokando ya Ganges hutoa mpunga mwingi, na penye mpunga mwingi pana watu wengi na kodi nyingi. Kusini mwake, kuelekea nyanda za Chota Nagpur, kulikuwa na madini ya chuma kwa ajili ya majembe na panga, pamoja na misitu ya miti ya kujengea. Misitu hiyohiyo ilikuwa na tembo, na katika vita vya Uhindi wa kale tembo alifanya kazi ya kuvunja malango na kutawanya farasi wa adui.

Halafu kuna mito. Ganges, Son na Gandak hukutana karibu karibu, na mizigo yote ya bonde ilipita hapo kwa mashua. Aliyeshika makutano hayo alishika forodha. Mfalme Ajatashatru, alipokuwa akipigana na Walichavi wa ng'ambo ya kaskazini, alijenga ngome kwenye kijiji cha Pataligrama palepale kwenye makutano. Kijiji kikawa mji, mji ukawa Pataliputra, na makao makuu yakahamishwa huko kutoka vilimani. Leo panaitwa Patna.

Ni kweli wana wa wafalme walikuwa wakiwaua baba zao?

Mapokeo ya Wabudha yanasema Bimbisara, mfalme aliyeiteka nchi iitwayo Anga upande wa mashariki, alifungwa gerezani na mwanawe Ajatashatru na kuachwa afe njaa. Yanaendelea kusema kwamba waliofuata nao walirithishana kiti kwa mtindo huohuo, baba mpaka mwana, hadi wananchi wakachoka na kumtawaza waziri mmoja, Shishunaga. Pengine watawa walitia chumvi. Lakini hata ukiondoa chumvi yote, picha inayobaki ni ya ikulu ambayo hakuna aliyelala usingizi mzito.

Na yule mfalme mtoto wa kinyozi?

Huyo ni Mahapadma, mwanzilishi wa ukoo wa Wananda. Vitabu vya Wahindi vinamwita mwana wa mama wa tabaka la chini, Shudra. Waandishi wa Kigiriki na wa Kirumi wakasikia kwamba baba wa ukoo huo alikuwa kinyozi. Hekaya zote mbili zinaonyesha jambo moja: wakubwa wa zama zile hawakumeza kirahisi kutawaliwa na mtu asiye na nasaba. Hata hivyo Wananda walikusanya kodi kuliko yeyote aliyewatangulia, wakachukiwa kwa hilo, na hazina yao ikawa methali. Wamaurya waliikuta mashine imekwisha kuundwa. Hilo husahaulika sana.

Alexander alishindwa na Magadha?

Hakupigana nayo. Mwaka 326 KK mfalme huyo wa Makedonia alifika mto Hyphasis, ambao leo ni Beas katika Punjab, na hapo askari wake waligoma kuvuka. Walikuwa wamechoka na mvua na miaka minane ya kutembea, na pia walikuwa wamesikia kinachowasubiri mbele. Mwandishi Curtius anataja askari wa miguu 200,000, farasi 20,000, magari ya vita 2,000 na tembo 3,000. Plutarch anapandisha tembo hadi 6,000. Hesabu za jeshi la adui ambaye hukumwona huwa hazipungui. Lakini wale askari walikuwa wametoka tu kupambana na tembo wa mfalme Porus kwenye mto Hydaspes, na hawakuwa na hamu ya kukutana na wengine.

Chandragupta alitokea wapi?

Asili ya mwanzilishi huyu wa ukoo wa Wamaurya ina majibu mengi kuliko tunavyohitaji: wengine humpa ukoo wa Kshatriya, tabaka la wapiganaji, wengine humfanya mtu wa chini. Kilicho wazi ni kwamba katika miaka michache baada ya Alexander kuondoka, kijana huyu aliwaondoa Wananda na pia akatwaa nchi za bonde la Indus zilizoachwa na Wagiriki.

Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya Uhindi, wana kisa chake kizuri. Baada ya kushindwa mara ya kwanza, yeye na mshauri wake Chanakya walipita kwenye nyumba ambamo mtoto alikuwa akilia kwa kuungua vidole. Mama yake akamgombeza: wewe ni mjinga kama Chanakya, unatia mkono katikati ya chakula cha moto badala ya kuanzia pembeni palipopoa. Basi safari ya pili wakaanzia mipakani, wakaacha mji mkuu uwe wa mwisho. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye sinia la wali uliopakuliwa sasa hivi anaelewa somo hilo, na hata kama kisa ni cha kutunga, mkakati wenyewe unafanana na ulivyokwenda.

Chanakya ndiye aliyeandika Arthashastra?

Kitabu chenyewe kinajitaja kuwa cha Kautilya, na mapokeo humtambua Kautilya kuwa ndiye Chanakya. Nakala yake ya majani ya mtende iliibuka Mysore mwaka 1905 mikononi mwa R. Shamasastry, mkutubi, ambaye aliichapisha mwaka 1909. Wataalamu wengi wa sasa wanaona kwamba kitabu kama tulivyo nacho kilikusanywa karne kadhaa baada ya Chandragupta. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba Wamaurya walitoza hiki na kuwalipa majasusi kile, tena kwa tarakimu kamili, uliza kwanza kama si Arthashastra inayozungumza. Ni kitabu cha namna nchi inavyopaswa kuendeshwa, na sote tunajua umbali uliopo kati ya mwongozo na ofisi.

Kulikuwa na biashara gani ya tembo 500?

Seleucus, jemadari wa Alexander aliyerithi upande wa mashariki, alivuka Indus mnamo mwaka 305 KK kudai nchi zilizokuwa za bwana wake. Akapatana na Chandragupta: akaachia maeneo makubwa ya Afghanistan ya leo, ukafanyika na mkataba wa kuoana, naye akapewa tembo 500. Aliyepunjwa ni nani? Mwaka 301 KK tembo hao walimsaidia Seleucus kushinda pambano la Ipsus, huko Uturuki ya leo, na kujihakikishia ufalme. Kila mmoja aliuza alichokuwa nacho kingi.

Pataliputra ulikuwa mji wa namna gani?

Seleucus alimtuma balozi, Megasthenes, akaandika kitabu ambacho kimepotea na kubaki vipande katika maandishi ya wengine. Alisema mji ulikuwa mrefu na mwembamba kufuata mto, stadia 80 kwa 15, yaani karibu kilomita 15 kwa karibu 3, umezungushiwa boma la magogo lenye minara 570 na malango 64, pamoja na handaki pana la maji. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua sehemu ya Bulandi Bagh, Patna, walikuta kuta za magogo makubwa kweli. Balozi hakuwa mwongo hapo.

Ila huyohuyo aliandika kuhusu chungu wanaochimba dhahabu, na kwamba Uhindi haikuwa na watumwa, jambo ambalo maandishi ya Wahindi wenyewe yanalikanusha. Alikuwa mgeni mwerevu: alichokiona alikieleza vizuri, alichosimuliwa alikiamini upesi mno.

Bindusara je? Mbona hasemwi?

Alikaa kati ya baba maarufu, Chandragupta, na mwana maarufu zaidi, Ashoka, maskini. Alitawala tangu 297 KK hivi kwa takriban robo karne. Kisa chake kinachojulikana ni barua: alimwomba mfalme Antiochus, mrithi wa Seleucus, amuuzie divai tamu, tini kavu na mwanafalsafa. Akajibiwa kwamba divai na tini vitakuja, ila sheria za Wagiriki haziruhusu kuuza mwanafalsafa.

Vita vya Kalinga vilikuwaje hasa?

Hapa tukae kidogo.

Kalinga ilikuwa nchi ya pwani ya mashariki, Odisha ya leo, yenye bandari na njia ya kwenda kusini. Mwaka wa nane wa utawala wake, mnamo 261 KK, Ashoka mwana wa Bindusara aliivamia na kuiteka. Tunayajua yaliyotokea kwa sababu yeye mwenyewe aliamuru yachongwe mwambani, katika tangazo ambalo leo huitwa la kumi na tatu: watu laki moja na nusu walihamishwa kwa nguvu, laki moja waliuawa, na wengi zaidi ya hao walikufa. (Laki yenyewe ni neno tulilopewa na Wahindi.) Anasema anajuta. Anasema hata sehemu ya mia, au ya elfu, ya mateso yale ingemuumiza sasa. Anasema tangu hapo ushindi anaoutaka ni wa dhamma, yaani mwenendo mwema: kutii wazazi, kuwaheshimu watawa wa dini zote, kutodhuru viumbe, kuwatendea vyema watumwa na watumishi.

Ni nadra mfalme kujishtaki hadharani namna hii, na ndiyo maana watu wengi huishia hapo. Lakini tazama mambo mawili. Katika tangazo hilohilo anawaonya watu wa misituni kwamba, pamoja na majuto yake, nguvu ya kuwaadhibu bado anayo. Na katika Kalinga yenyewe, kwenye miamba ya Dhauli na Jaugada, tangazo la kumi na tatu halikuchongwa. Waliouawa jamaa zao hawakusomewa majuto. Badala yake waliwekewa maneno mengine, kwamba watu wote ni watoto wake, na kwamba maofisa wa mji wa Tosali wasimfunge wala kumtesa mtu bila sababu.

Mtu anaweza kusema ilikuwa busara, kwamba huwezi kumtajia mfiwa idadi ya maiti. Sisi tunaona ilikuwa siasa vilevile. Kalinga hakuirudisha.

Alikuwa katili kabla ya hapo? Aliwaua ndugu zake 99?

Hekaya za Sri Lanka zinasema hivyo, na nyingine zinamwita Ashoka mkali aliyejenga jela ya mateso. Kadiri anavyokuwa mwovu mwanzoni, ndivyo Ubudha unavyong'ara kwa kumbadilisha. Watawa waliijua kazi yao. Jiwe linasema kingine: katika tangazo la tano anataja nyumba za kaka na dada zake, Pataliputra na miji mingine, kuwa zipo na zina wasimamizi. Kwamba kulikuwa na mvutano wa urithi inawezekana sana, ila wale 99 waachie wasimulizi.

Alivunja jeshi, akapiga marufuku nyama na adhabu ya kifo?

Hapana kwa yote matatu, ingawa alisogea. Tangazo la kwanza linasema jikoni mwa ikulu walikuwa wakichinjwa wanyama maelfu kila siku, na sasa ni watatu tu: tausi wawili na paa mmoja, tena paa si kila siku. Tunapenda ukweli wa tangazo hilo. Mtu wa kujisifu tu angesema ameacha kabisa. Waliohukumiwa kifo aliwapa siku tatu za kuahirishwa, jamaa zao wapate kuwaombea au wao wenyewe wajiandae. Jeshi lilibaki.

Tunawezaje kusoma maandishi hayo leo?

Kwa karne nyingi hakuna aliyeweza. Herufi za Brahmi zilisahaulika kabisa, na watu walizitazama nguzo za mawe zenye maandishi hayo bila kujua ni za nani. Mwaka 1837 James Prinsep, mwajiriwa wa kiwanda cha sarafu huko Calcutta, alikamilisha kuzifumbua, akisaidiwa na michango mifupi iliyochongwa na waumini kwenye stupa (kilima cha ibada cha Wabudha) ya Sanchi: aligundua kwamba kila mstari ulimalizika kwa neno moja, akakisia ni "zawadi". Mwenye matangazo alijiita Piyadasi, Kipenzi cha Miungu, na kumlinganisha na Ashoka wa vitabuni kulitokana na maandiko ya Sri Lanka. Mwaka 1915 jiwe la Maski, kusini mwa Uhindi, lilikutwa na jina Ashoka lenyewe.

Upande wa magharibi kabisa, Kandahar, kuna maandishi yake ya Kigiriki na Kiaramu. Aliwaandikia watu kwa lugha zao.

Dola ilienea Uhindi nzima?

Ramani za shuleni hupaka rangi moja toka Afghanistan hadi karibu na ncha ya kusini. Rangi hiyo inadanganya. Wachola, Wapandya na wenzao wa kusini walikuwa majirani huru, na Ashoka anawataja hivyo. Ndani yenyewe kulikuwa na barabara, miji ya maliwali (Taxila, Ujjain, Tosali, Suvarnagiri) na mashamba ya Magadha. Kati yake misitu na watu waliolipa walipobanwa.

Palipofikiwa, palifikiwa kweli. Huko Girnar, Gujarat, liwali wa Chandragupta alijenga bwawa la kumwagilia, na wakati wa Ashoka afisa aitwaye Tushaspha, anayetajwa kuwa Mgiriki, akalitia mifereji. Bwawa lilibomolewa na tufani mnamo mwaka 150 baada ya Kristo likajengwa upya na mtawala mwingine, ambaye kwenye jiwe lake alikumbuka kuwataja waliomtangulia. Ni karibu miaka 450.

Walifika pwani yetu ya Afrika Mashariki?

Afrika inayotajwa na Ashoka ni ya kaskazini: mfalme Ptolemy wa Misri na Magas wa Cyrene, katika Libya ya leo, ambako anasema alituma wajumbe. Habari zilizoandikwa za pwani yetu kufanya biashara na bandari za Uhindi, pamoja na mji wa Rhapta, zimo katika mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 baada ya Kristo. Wakati huo Wamaurya walikuwa wamekwisha kitambo.

Dola ilianguka kwa nini?

Jibu linalopendwa ni kwamba Ashoka aliwalegeza kwa upole wake. Halitoshi. Alitawala karibu miaka 30 baada ya Kalinga bila dola kukatika, na aliyeimaliza hakutoka nje.

Ashoka alifariki mnamo 232 KK. Waliomfuata, orodha za vitabu hazikubaliani hata majina. Yumkini nchi iligawanywa kati ya warithi. Dasharatha, mjukuu, amejiandika kwenye mapango ya Nagarjuni. Mnamo 206 KK Antiochus wa Tatu, mfalme wa ukoo wa Seleucus, alivuka milima ya Hindu Kush akapokea tembo kwa mfalme wa Kihindi aitwaye Sophagasenus, dalili kwamba huko mbali kila mmoja alikuwa amejishikia lake. Mnamo 185 KK Brihadratha, wa mwisho, aliuawa na jemadari wake Pushyamitra Shunga alipokuwa akikagua gwaride. Dola ilidumu miaka 136 hivi.

Baadhi ya wanahistoria waliona mapinduzi hayo kuwa kisasi cha Wabrahmani, tabaka la makuhani, kwa kuwa Pushyamitra alikuwa mmoja wao na vitabu vya Wabudha vinamlaumu kwa kuvunja nyumba za watawa. Lakini lango la mawe la stupa ya Bharhut lina maandishi yanayosema limejengwa enzi ya Washunga. Mwanahistoria D. D. Kosambi alitazama sarafu za fedha zilizozidi kuchanganywa shaba, akaona hazina iliyochoka. Romila Thapar ametilia mkazo utumishi wenyewe: maofisa walikuwa watu wa mfalme, aliwateua na walimjibu yeye, kwa hiyo mfalme akibadilika kila kitu kinatikisika.

Sisi tunaegemea huko, na ushahidi tunauona Kalinga, kwenye yale maandishi ya Dhauli. Ashoka anawalalamikia maofisa wake mwenyewe kwa wivu, hasira, haraka na uvivu. Anaahidi kutuma mkaguzi kila baada ya miaka mitano; kutoka Ujjain na Taxila, mitatu. Hii ilikuwa dola ikiwa kileleni, na tayari mwenyewe hakuwaamini waliomwakilisha. Mikoa ililipa, ikasikiliza tangazo likisomwa, ikamtazama ofisa aliyetumwa. Haikupewa sababu nyingine ya kubaki. Ukaguzi ulipokoma, Kalinga ikapata tena wafalme wake, na mmojawao, Kharavela, akachonga jiwe lake vilimani, si mbali na Dhauli, akijisifu kuipiga Magadha.

Nikienda leo nitaona nini?

Simba wanne wa jiwe waliokuwa juu ya nguzo ya Ashoka huko Sarnath wapo makumbushoni palepale. Ndio nembo ya Uhindi tangu 26 Januari 1950, na gurudumu lenye njiti 24 liko kwenye bendera. Mapango ya Barabar, Bihar, yangali yameng'arishwa ndani kama kioo. Ashoka aliyatoa kwa watawa wa Ajivika, dhehebu ambalo halina tena waumini.

Pataliputra usitarajie mengi. Huko Kumhrar palifukuliwa ukumbi wa nguzo 80 za mawe, pakaachwa wazi watu waje kutazama. Maji ya chini ya ardhi yakaanza kupanda na kula mabaki, na ikabidi yafukiwe tena kwa udongo ili yasiharibike. Nguzo moja imewekwa juu, chini ya paa. Zilizosalia umezikanyaga.